Kumsafirisha mbwa wako kutoka Afrika Mashariki hadi Uingereza: kalenda kwanza, ndege baadaye

Barua ya chuo ikishafika, au visa ya kumfuata mwenza wako ikishatoka, wengi hukimbilia kuuliza nauli ya mbwa. Nauli ni swali la mwisho. La kwanza ni tarehe. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo Uingereza huziamini kwa upande wa kichaa cha mbwa, kwa hiyo mbwa anayetoka huku lazima apimwe damu, kisha asubiri miezi mitatu kamili tangu siku damu ilipochukuliwa. Miezi hiyo haiuzwi. Wakala wa bei kubwa kuliko wote mjini hawezi kukupunguzia hata siku moja.

Wenye kulalamikia masharti haya wajue tulikotoka. Uingereza iliumaliza ugonjwa huu kwa mbwa wake mwaka 1922, na kwa miongo mingi kila mbwa aliyetoka ng'ambo alifungiwa karantini miezi sita bila kujali chanjo alizopata. Mpango wa kuingia kwa chipu, chanjo na kipimo ulianza mwaka 2000. Siku hizi mbwa husubiri nyumbani kwenu, anakula ugali na dagaa kama kawaida, badala ya kusubiri nyuma ya nyavu ugenini.

Mwongozo huu unafuata safari ya Dar es Salaam au Nairobi kwenda Uingereza, kwa sababu ndiyo yenye masharti mengi. Wanaokwenda Ujerumani, Uholanzi au Marekani watakuta maelezo yao mwishoni, lakini hatua tatu za mwanzo zinawahusu wote.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja

Jiulize kama aende kweli. Kama kozi yako ni ya mwaka mmoja na una ndugu anayempenda huyo mbwa, mwache. Gharama ya kwenda na kurudi, na chumba cha mwanafunzi ambacho hakiruhusu mnyama, havina faida kwake wala kwako. Ukihamia na familia, au unakwenda kwa miaka mingi, hilo ni jambo jingine.

Kisha angalia aina yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 kuhusu mbwa hatari inapiga marufuku Pit Bull Terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, na XL Bully aliongezwa mwishoni mwa 2023. Kinachotazamwa ni umbo la mbwa, si jina lililoandikwa kwenye kadi yake. Huku kwetu neno "pitbull" hubandikwa mbwa yeyote mwenye kifua kipana anayeuzwa kwa bei, kwa hiyo kama wako ana umbo hilo, mpige picha na upate ushauri mapema kabla ya kuanza lolote. Usimwandikishe kwa jina la pitbull kwa kujigamba. Karatasi hiyo itakufuata.

Mbwa wenye pua fupi, kama Bulldog na Pug, wana shida ya kupumua wakipatwa na joto au hofu, na mashirika kadhaa ya ndege hayawachukui kabisa. Yanayowachukua hutaka kizimba kikubwa zaidi na huwakataa miezi ya joto.

Hatua ya 1: Chipu

Chipu ni kidude kidogo kama punje ya mchele kinachodungwa chini ya ngozi kati ya mabega. Kinachotakiwa ni chenye tarakimu 15 kinachofuata viwango vya ISO 11784 na 11785. Mwambie daktari akisome kwa kifaa kabla ya kukidunga na baada ya kukidunga, na namba aiandike mbele yako. Ibandike stika ya namba hiyo kwenye daftari la mbwa na uipige picha.

Sababu ya kuanza na chipu ni hii: chanjo yoyote ya kichaa aliyochomwa mbwa kabla ya kuwa na chipu haihesabiki. Hata kama amechanjwa kila mwaka tangu akiwa mtoto, kwa afisa wa mpakani aliyechanjwa ni mbwa asiyejulikana. Chipu na chanjo vinaweza kufanyika siku moja, mradi chipu itangulie na hilo lionekane kwenye maandishi.

Mtafute daktari aliyesajiliwa. Kenya kuna Kenya Veterinary Board, na Tanzania kuna Baraza la Veterinari. Daktari wa kweli hatachukia ukiuliza namba yake ya usajili. Muuza dawa za mifugo mwenye sindano na koti jeupe anaweza kuwa mzoefu sana, lakini sahihi yake haitampeleka mbwa wako popote.

Hatua ya 2: Chanjo ya kichaa

Mbwa awe na umri wa angalau wiki 12. Chanjo iwe ya virusi vilivyouawa. Nobivac Rabies na Rabisin, ambazo waganga wengi wa mifugo hapa wanazo, ni za namna hiyo.

Kadi ya chanjo ndiyo inayowaangusha wengi. Kila mwaka karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kunakuwa na kampeni za chanjo ya bure mtaani, nazo zinaokoa maisha. Ila kile kikaratasi unachopewa chini ya mwembe mara nyingi huwa na jina la mwenye mbwa, rangi ya mbwa na tarehe, basi. Kwa safari, kadi lazima ionyeshe namba ya chipu, jina la chanjo, kampuni iliyoitengeneza, namba ya toleo, tarehe ya kuchomwa, tarehe ya mwisho wa uhalali, pamoja na sahihi na mhuri wa daktari. Stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo ibandikwe hapohapo.

Tangu siku hiyo usiruhusu chanjo ipitishe tarehe hata kwa siku moja. Kipimo cha damu kikishapita hakirudiwi tena maisha yote ya mbwa, ilimradi kila chanjo inayofuata ichomwe kabla ya iliyotangulia kuisha. Ukichelewa, unaanza upya: chanjo, siku 30, damu, miezi mitatu.

Hatua ya 3: Damu

Hapa ndipo penye safari yenyewe, kwa hiyo tutulie kidogo.

Damu huchukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo. Maabara hupima kingamwili za kichaa, na kiwango kinachokubalika ni angalau uniti 0.5 za kimataifa kwa kila mililita. Si kila maabara inafaa. Kipimo kifanywe na maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na orodha yake iko kwenye tovuti ya Kamisheni ya Ulaya. Kwa ukanda wetu wengi hutuma sampuli Onderstepoort, karibu na Pretoria, au moja kwa moja Ulaya. Hakikisha jina la maabara bado limo kwenye orodha wiki ile ile unayotuma.

Kinachotumwa si damu nzima bali seramu, yale maji ya rangi ya majani makavu yanayobaki juu damu ikishazungushwa kwenye mashine. Muulize daktari wako swali moja kabla ya kumlipa: je, ana mashine hiyo? Damu isiyotenganishwa, iliyotikiswa kwenye bodaboda kutoka Mbezi hadi mjini juani, chembechembe zake hupasuka, seramu inageuka nyekundu, na maabara inaweza kuikataa. Seramu ikae kwenye ubaridi, ifungwe mara tatu ili isivuje, na ipelekwe na kampuni ya vifurushi inayokubali sampuli za maabara. Iulize maabara kabla kama nchi yake inataka kibali cha kuingiza sampuli. Kifurushi kisicho na kibali hukwama forodha mpaka kioze.

Namba ya chipu iandikwe kwenye chupa, kwenye fomu na kwenye matokeo, tarakimu zote 15 zikifanana. Tarakimu moja ikikosewa, matokeo hayo ni ya mbwa mwingine. Sisemi haya kutisha watu. Ni kosa rahisi, linafanywa saa kumi jioni na mhudumu aliyechoka, na kulirekebisha kunachukua wiki kadhaa za barua pepe.

Habari njema ni kwamba miezi mitatu huhesabiwa tangu siku ya kuchukua damu, si siku ya kupata majibu. Majibu yakichelewa kidogo hujapoteza kitu. Yakija chini ya 0.5, mbwa huchanjwa tena na kupimwa tena, na hesabu huanza kwenye damu mpya. Hilo huwatokea zaidi mbwa wadogo waliochomwa mara moja tu katika maisha yao, ndiyo maana madaktari wengine hupendelea kuwachoma mara mbili kwanza. Zungumza naye juu ya hilo mapema.

Sasa hesabu. Tuseme unataka mbwa atue Heathrow, uwanja wa ndege wa London, tarehe 20 Septemba. Damu iwe imechukuliwa kufikia tarehe 20 Juni. Chanjo iwe imechomwa kufikia tarehe 20 Mei. Chipu iwe imedungwa siku hiyo hiyo au kabla yake. Hiyo ni hesabu ya mtu asiyetarajia umeme kukatika maabara wala sikukuu mbili kuangukia wiki moja. Ongeza angalau mwezi mmoja na nusu wa akiba: anza mwanzoni mwa Aprili.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha jambo jingine. Wiki 12, ongeza siku 30, ongeza miezi mitatu: mbwa aliye chini ya takriban miezi saba hawezi kuingia Uingereza kutoka kwetu kihalali. Ukimwona mtu mtandaoni anakuahidi kukupelekea mtoto wa mbwa wa wiki kumi kutoka Nairobi hadi Leeds, jibu unalo. Matapeli wa namna hii ni wengi. Huanza na bei ndogo ya usafiri, halafu mbwa "amekwama uwanja wa ndege" na kila siku kuna malipo mapya, ya bima, ya kizimba chenye baridi, ya chanjo ya dharura.

Wakati mnasubiri: kizimba

Miezi mitatu si ya kukaa bure. Ni muda wa kumzoesha mbwa kizimba, na mbwa wa kwetu, aliyelala uani maisha yake yote, anauhitaji wote.

Kwanza mpime akiwa amesimama. Urefu wa mwili kutoka pua hadi shina la mkia, uite A. Kimo kutoka chini hadi kiwiko cha mguu wa mbele, B. Upana wa mabega, C. Kimo kutoka chini hadi kichwani, au ncha ya sikio kama masikio yamesimama, D. Kwa kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, urefu wa kizimba ni A na nusu ya B, upana ni C mara mbili, na kimo ni D pamoja na unene wa matandiko. Mbwa mwenye A ya sentimita 76, B ya 32, C ya 21 na D ya 64 anahitaji kizimba cha ndani kisichopungua urefu wa sentimita 92, upana wa 42 na kimo cha 64 na kitu. Lazima aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka na kulala akiwa amejinyoosha.

Usinunue kikubwa mno ukidhani unamfurahisha. Mashirika ya ndege hutoza kwa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6000. Kizimba chenye vipimo vya nje vya 100 kwa 67 kwa 75 kinahesabiwa karibu kilo 84, hata kama mbwa aliyemo ana kilo 22. Saizi moja juu inaongeza fedha nyingi kwa hewa tupu.

Vizimba vya plastiki vinauzwa Nairobi na Dar. Nusu ya juu na ya chini zifungwe kwa bolti na nati za chuma, si vibanio vya plastiki, na magurudumu yatolewe. Ukikosa saizi, seremala anaweza kutengeneza kwa plaiwudi nzuri, mradi kuwe na matundu ya hewa pande zote nne, mlango wa nondo au wavu ambao pua na ukucha havipiti, sakafu isiyovuja, na misumari isiyochungulia ndani. Mbao za kawaida, tofauti na plaiwudi, zinatakiwa ziwe zimepitishwa kwenye joto na kupigwa mhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo, kwa hiyo mwambie fundi asichomeke kipande cha mninga cha kuimarisha kona. Bakuli mbili, ya maji na ya chakula, zifungwe mlangoni kwa ndani na zijazwe kutoka nje. Upande wa nje kuwe na lebo ya LIVE ANIMALS na mishale ya kuonyesha upande wa juu.

Kizimba kikifika, ondoa mlango na ukiweke mahali anapopenda kulala. Mlishe humo. Mtupie kipande cha nyama ndani, atoke akitaka. Baada ya wiki kadhaa rudisha mlango, ufunge kwa dakika chache ukiwa umekaa karibu, kisha nusu saa, kisha usiku kucha. Mpandishe kwenye gari akiwa ndani, mzunguke mtaani apate kujua mtikisiko. Majirani watacheka. Wacha wacheke.

Tumia muda huu pia kumtibu kupe na kumpima magonjwa yanayoletwa nao, kama ehrlichia na babesia. Sheria ya Uingereza haikudai kipimo hicho, lakini daktari wa kule hajayazoea magonjwa hayo kama wa kwetu, na homa ya kupe ikiibuka wiki ya tatu huko itakugharimu zaidi.

Ndege na njia

Kuingia Uingereza kwa ndege, mbwa husafiri kama kargo iliyoandikishwa. Haruhusiwi kukaa nawe ndani wala kuingia kama mzigo wa abiria, isipokuwa mbwa wa kuongoza wasioona na wenzake wa kazi hiyo, tena kwa njia zilizoidhinishwa. Kwa hiyo unashughulika na ofisi ya kargo, si kaunta ya tiketi. Kutoka Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi Heathrow. Kutoka Dar utaunganisha, na hapo uliza mambo mawili: mbwa atakaa saa ngapi kwenye uwanja wa katikati, na je, shirika lina mahali pa wanyama hapo. Miji ya Ghuba wakati wa kiangazi ni joto la kuua. Chagua ndege ya usiku au mwezi mwingine.

Wewe na mbwa msipishane zaidi ya siku tano, yaani usafiri ndani ya siku tano kabla yake au baada yake. Ukizidisha, safari inahesabiwa ya kibiashara na cheti kinachotakiwa ni kingine. Mtu mwingine anaweza kusafiri kwa niaba yako ukimpa idhini ya maandishi. Mbwa wasizidi watano.

Kuna njia ya pili inayopendwa na wasiotaka kargo ya Uingereza: kuruka na mbwa hadi Amsterdam, ambako sheria inaruhusu aje kama mzigo wako wa abiria, kisha kuvuka bahari kwa meli kutoka Hoek van Holland hadi Harwich. Kwa mbwa mkubwa ni kazi, lakini mara nyingine ni nafuu. Utahitaji vyeti viwili, cha Umoja wa Ulaya na cha Uingereza, na nafasi ya mbwa melini iwekwe mapema.

Usisahau forodha. Anayehamia Uingereza anaweza kuomba HMRC, mamlaka ya kodi na forodha ya huko, msamaha wa kodi kwa fomu ya ToR1, na mbwa anaandikwa humo. Omba kabla ya kusafiri. Bila namba ya msamaha unaweza kudaiwa VAT ya asilimia 20 ya thamani ya mbwa, na mzigo hauondoki mpaka ulipe.

Je, uchukue wakala? Kwa njia ya kargo, maoni yangu ni ndiyo, angalau kwa upande wa kupokea mbwa Heathrow na kumtoa forodha. Upande wa huku, chipu hadi damu, unaweza kusimamia mwenyewe na utasimamia vizuri zaidi kwa sababu ni mbwa wako. Angalia kama wakala ni mwanachama wa IPATA, chama cha kimataifa cha wasafirishaji wa wanyama, na mtafute kwenye orodha ya chama chenyewe, si kwa nembo aliyoibandika kwenye ukurasa wake.

Siku kumi za mwisho

Cheti cha afya cha Uingereza hutolewa ndani ya siku kumi kabla ya kufika. Daktari hujaza, kisha ofisi ya serikali inathibitisha kwa mhuri: Kenya ni Kurugenzi ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete, na Tanzania Bara ni Wizara ya Mifugo na Uvuvi, ambayo pia hutoa kibali cha kumtoa mnyama nchini. Zanzibar ina mamlaka yake, kwa hiyo mbwa wa Unguja anayepitia Dar aanze kuulizia makaratasi mapema zaidi. Pita ofisi hizo wiki mbili kabla ukiwa na nakala za rasimu, uwajue wanaosaini na siku wanazokuwepo. Afisa akiwa semina Morogoro na ndege yako ni kesho, huna la kufanya.

Dawa ya minyoo tegu ni sharti la Uingereza ambalo Ujerumani na Uholanzi hazina. Iwe na prazikwanteli, itolewe na daktari, kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya mbwa kufika. Daktari aandike tarehe na saa. Mpe takriban saa 72 kabla: ndege ikiahirishwa siku moja bado uko ndani, na ikiwahi pia uko ndani. Wanaopitia Hoek van Holland wahesabu saa hadi Harwich, si hadi Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam.

Siku ya safari

Mlishe chakula kidogo muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kumpeleka, na mtembeze mpaka ajisaidie. Maji ya bakuli yagandishe usiku uliotangulia. Yatayeyuka taratibu bila kumwagika wakati wa kubebwa. Weka ndani kanga au fulana uliyoivaa bila kuifua.

Usimpe dawa ya usingizi. Hupunguza shinikizo la damu na kumfanya ashindwe kujizuia kizimba kinapoinama, na shirika likigundua amelevywa halimpakii. Mtu akikuambia "kidonge kimoja tu atulie", mshukuru na uendelee.

Makaratasi halisi huenda pamoja na hati ya kargo, nakala zinabandikwa juu ya kizimba ndani ya mfuko wa plastiki, nakala nyingine ziko kwenye simu yako. Piga picha ya mbwa akiwa kizimbani siku hiyohiyo.

Kutua

Heathrow mbwa hupelekwa Animal Reception Centre, kituo kinachoendeshwa na Shirika la Jiji la London. Wanasoma chipu, wanalinganisha na cheti, majibu ya damu na dawa ya tegu, halafu forodha inamalizana na wakala. Inachukua saa kadhaa, kwa hiyo usipange treni ya mapema. Karatasi zikiwa na kasoro isiyorekebishika, mbwa hurudishwa au hufungiwa karantini hadi miezi minne kwa gharama yako.

Ukishamchukua, sajili chipu yake kwenye kanzidata inayotambuliwa Uingereza kwa anwani yako mpya, na mvishe mkanda wenye jina lako na anwani; vyote ni sheria. Mwenye nyumba awe ameruhusu mbwa kwa maandishi.

Kama si Uingereza

Ujerumani na Uholanzi: chipu, chanjo, damu na miezi mitatu ni vilevile, tegu hakuna. Mbwa mdogo, kwa kawaida asiyezidi kilo nane pamoja na begi lake, mashirika mengi humruhusu ndani ya ndege. Ukitua, pita njia nyekundu ya forodha na umtangaze. Ujerumani hairuhusu kuingiza Pitbull-Terrier, American Staffordshire-Terrier, Staffordshire-Bullterrier na Bullterrier, pamoja na machotara wao. Huko pia utalipa kodi ya mbwa kila mwaka kwa halmashauri ya mji, nayo hutofautiana mji kwa mji.

Marekani: tangu tarehe 1 Agosti 2024, CDC, taasisi ya serikali ya huko ya kudhibiti magonjwa, inataka mbwa awe na miezi sita au zaidi, chipu, na fomu ya CDC inayojazwa mtandaoni. Nchi zetu zimo kwenye orodha yao ya hatari kubwa, kwa hiyo mbwa aliyechanjwa huku huingia kwa viwanja sita tu: Atlanta, Los Angeles, Miami, New York JFK, Philadelphia na Washington Dulles, na lazima awe na nafasi iliyowekwa kwenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa na CDC. Damu ichukuliwe angalau siku 30 baada ya chanjo na angalau siku 28 kabla ya kuingia. Asiye na kipimo halali hukaa karantini siku 28. Maabara iwe ile inayokubaliwa na CDC, maana orodha yao na ya Ulaya si moja. Kama bado hujajua utaishia London au Boston, chagua maabara iliyomo kwenye orodha zote mbili kabla damu haijachukuliwa.